Majibu ya Achol

Lodwar, 2013

Akiru wangu,

Umeenda Nakwamekwi kumuaga bibi yako, na nyumba imebaki na mimi na sanduku lako ulilolifunga kamba. Sitakuandikia habari za chandarua wala za mahali pa kuficha nauli. Bibi atakuwa ameshakueleza hayo yote, na kwa kuwa amekulea miaka mingi kuliko mimi, ana haki hiyo. Mimi nina jambo moja tu. Tangu Jumapili nataka kukwambia kwa mdomo, na kila nikifungua kinywa najikuta nakuuliza kama umekula.

Jumapili ulisimama kanisani, mchungaji akakuuliza kwa nini umechagua udaktari. Ukasema, "Kwa sababu mama yangu alimfuata mtoto mgonjwa mpaka Nadapal." Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Ejok noi," vizuri sana, akanigusa bega. Nilitazama viatu vyangu. Hadithi hiyo hiyo uliwasimulia watu wa ufadhili wa masomo, nami nilikuwa nimekaa nje ya mlango nikaisikia yote. Sikuisahihisha siku ile wala Jumapili. Ni kweli nilikwenda Nadapal, kule mpaka wa Sudan Kusini. Lakini wewe unaianzia katikati, kwa sababu mwanzo wake sikukupa.

Ulikuwa na mjomba, Ekal, mdogo wangu. Hukumwona. Alipokuwa na umri wa kuanza shule taya lake lilivimba upande mmoja. Wakasema ni jino, likang'olewa. Uvimbe ukazidi, wakasema damu mbaya, akachomwa kwa chuma cha moto. Akafa kabla ya mvua. Bibi yako alimuuliza kila aliyepita na koti jeupe, "Hii inaitwaje?" Wengi hawakujua, na waliojua hawakuwa na muda wa kumwambia mwanamke wa Kiturkana asiyejua kusoma. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, nimeshika sketi yake. Nadhani ndipo nilipoanza kuitaka kazi hii. Nilitaka kuwa mtu anayejua inaitwaje.

Nikaja kujua. Nairobi nilijifunza kuusoma ugonjwa kwenye kipande cha kioo chenye tone la damu au ukanda wa nyama mwembamba kuliko karatasi. Usidhani nitakudanganya kwamba sikuipenda kazi hiyo. Niliipenda mno. Ukitia rangi, seli zinatoka waridi na zambarau, kila moja mahali pake, na ile iliyoasi inajionyesha yenyewe. Damu haikupigii simu usiku wala hailii. Wewe ulikuwa mdogo kwa bibi huku Lodwar, na nilipokuja likizo ulikuwa hutaki kunikumbatia kwa sababu nywele zangu zilinuka dawa ya kuhifadhia nyama za wagonjwa. Nilikuwa nacheka. Haikuwa ya kuchekwa.

Nikiwa bado mwanafunzi wa ubingwa, nilimwambia baba mmoja kwamba mwanawe ana saratani ya damu. Bandama ilikuwa imevimba, homa haikatiki, damu imepungua. Niliona haraka na nikasema haraka. Kumbe ilikuwa kalaazar, ugonjwa wa usubi ambao sisi watu wa Turkana tungepaswa kuujua kabla ya wengine. Mkuu wangu alinisimamisha mbele ya wenzangu wote akanieleza mimi ni mtu wa aina gani. Mtoto alitibiwa akapona. Baba yake alikuwa ameshauza mbuzi wake ili amzike vizuri. Tangu siku ile nikajiapiza kwamba sitasema kitu mpaka niwe na hakika ya mwisho kabisa. Niliona hiyo ni heshima kwa mgonjwa. Nilichelewa kutambua kwamba nilikuwa nikijilinda mimi.

Mwanzo wa mwaka jana nilirudi Lodwar na utafiti wangu wa uvimbe wa tezi. Ulifurahi, ulidhani nimerudi kwako. Kwa kweli nilirudi kwa sababu huku kuna watu wengi wanaotibiwa kifua kikuu ilhali tezi zao zina kitu kingine, na hakuna aliyekuwa ameziangalia. Kila baada ya majuma machache nilipanda gari la hospitali kwenda Kakuma, nikakaa katika zahanati moja ya kambi ya wakimbizi, nikachukua vipande vya tezi za wagonjwa nikaja kuvisoma hapa.

Huko ndiko nilikomkuta Achol. Alikuwa msichana wa miaka kumi, mrefu, mwenye shingo iliyojaa vinundu upande wa kushoto kama mtu aliyeficha njugu chini ya ngozi. Alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu mpaka zikaisha, na vinundu havikupungua hata kimoja. Mama yake aliniambia kwamba kwa Wadinka jina Achol hupewa msichana anayezaliwa baada ya mtoto mwingine kufa. "Huyu ni ya kurudishiwa," alisema, na akamrekebisha kola ya gauni. Mama Achol aliuza chai na mkate karibu na kanisa lao. Mumewe alikuwa mwanajeshi Juba. Kulikuwa na mvulana mdogo pia, Garang, mgongoni.

Aliyetusaidia kuelewana ni Mama Furaha, Mkongo anayefanya kazi pale zahanati, ambaye amejifunza Kiarabu cha Juba sokoni. Nilimwambia Mama Achol arudi baada ya wiki mbili kwa majibu.

Nilikiangalia kioo cha Achol hapa Lodwar, siku ya tatu baada ya safari, asubuhi. Akiru, sikuhitaji dakika tano. Kulikuwa na seli kubwa zenye viini viwili, kama macho mawili yanayokutazama kutoka chini ya maji. Saratani ya tezi, ya aina ambayo watoto wengi hupona wakianza dawa mapema. Nilijua. Nakuandikia neno hilo peke yake ili usije ukalitetea: nilijua.

Sikumwambia mtu. Nilikituma kipande kilichobaki kwa maabara kubwa Nairobi kikatiwe rangi nyingine za kuthibitisha, nikasema nitangoja. Na wakati nangoja, nilitengeneza picha za kile kioo kwa ajili ya kongamano, kwa sababu zilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Wiki mbili zilipita, Mama Achol akaja zahanati akaambiwa bado. Akaja tena, bado. Mara ya tatu Mama Furaha alinipigia simu. Nilikuwa Nairobi, nimetoka ukumbini na kikombe cha chai mkononi.

"Dokta, huyu mama iko hapa na mutoto. Mama yake mwenyewe ni mugonjwa kule Kapoeta, na bantu banarudi Sudan bengi. Anauliza, asafiri ao angojee majibu?"

"Mwambie majibu bado," nilisema.

"Nimwambie tu hivyo?"

"Bado. Yakitoka nitawaita."

Kulikuwa na sentensi nyingine ningeweza kuisema. Ningeweza kusema: nadhani najua ni nini, sina hakika yote, lakini asimpeleke mtoto mbali. Ni maneno machache tu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, na kila mara yanatosha. Ukiwa daktari, mama wa mtu hatakuomba hakika kila siku. Mara nyingine anakuomba tu umwambie unachofikiri, ili aamue kuhusu safari yake.

Niliporudi ukumbini niliwaonyesha wenzangu zile picha. Walizisifu.

Majibu ya kuthibitisha yalikuja na hayakubadilisha chochote. Daktari aliyenipa alikuwa mkubwa wangu zamani. Akauliza mbele ya watu, "Na mtoto anaendeleaje na matibabu?" Hiyo ndiyo iliyonipeleka Nadapal, mwanangu. Niliondoka Nairobi na aibu ya swali lile, nikafika Kakuma nikaambiwa Mama Achol ameshavuka na watoto wote wawili. Nikapanda lori la wafanyabiashara mpaka Lokichoggio, kisha hadi mpakani Nadapal. Vumbi, joto, askari wakiniuliza daktari mzima anatafuta nini, hayo yote uliyoyasimulia ni kweli. Nililia pale kwenye kizuizi, hiyo pia ni kweli. Nilituma ujumbe Kapoeta kwa madereva na kwa mwinjilisti mmoja, nikarudi. Ulinipigia simu kutoka shuleni ukaniuliza sauti yangu ina nini. Nikakueleza habari ya lori na mpaka. Uliposema, "Mama, wewe ni mtu wa ajabu," nilinyamaza, na simu yako ikaishiwa salio.

Ujumbe ulichukua miezi kuwafikia. Mwisho wa mwaka Mama Achol alirudi naye. Vinundu vilikuwa vimeshuka kifuani. Achol alikuwa akilala amekaa kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Alinisalimia kwa Kiingereza alichojifunza shuleni, akaniuliza kama nitamchoma sindano tena.

Mama yake alisubiri mtoto atolewe nje kupimwa uzito. Kisha akaniuliza, yeye mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Daktari, hii majibu ilitoka lini?"

Mama Furaha alikuwa anafunga dirisha. Ningeweza kusema. Nikasema, "Ilitoka mkiwa mmeshavuka."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Nikasema, "Mngesubiri kidogo tu."

Nimefanya makosa mengi, na mengine unayajua kwa sababu yalikuangukia wewe. Nilikosa kuja ulipolazwa na malaria. Nilikusahau stendi ya Kitale siku moja, mpaka dereva wa watu akakusaidia kunipigia simu. Lakini sijawahi kusema neno lililonitoka kwa urahisi kama lile. Lilikuwa kama kumpa mtu mzigo akushikie, halafu ukaondoka.

Tulimpeleka Achol kwenye hospitali ya rufaa kusini. Nilisafiri nao; pale Kainuk tulingoja magari mengine ili tusindikizwe na polisi kwa hofu ya majambazi, na Achol akala ndizi nzima, tukafurahi kama watu wajinga. Dawa zilianza. Mara ya kwanza vinundu vilipungua kweli, akaweza kulala ubavu. Baada ya mara ya pili alishikwa na homa, na damu yake haikuwa na askari wa kupigana nayo. Alifariki alfajiri, mama yake akiwa ameenda kuchota maji ya moto ya chai. Mimi nilikuwa hapo. Nilimfunga kitambaa kidevuni. Mama Achol aliporudi aliweka chupa chini taratibu, kana kwamba mtoto amelala na asingependa kumwamsha.

Uliponiuliza kwenye simu, nilisema, "Tulichelewa." Ukasema, "Lakini ulijaribu, mama." Nikaacha ibaki hivyo.

Nilidhani nimeshaumaliza ule uongo, kwamba umezikwa naye. Miezi miwili iliyopita nilikuwa Kakuma, nikamkuta Mama Furaha anasuka mkeka kwenye kivuli cha zahanati. Hakunikaribisha kiti.

"Dokta," alisema, "ule mama wa Achol iko na taabu. Bashemeji yake banasema ni yeye aliua mutoto. Banasema daktari mwenyewe alisema, angengojea, mutoto angepona. Bamemunyanganya na Garang. Iko kwa shemeji mukubwa."

"Nani aliwaambia nilisema hivyo?"

"Yeye mwenyewe. Balimuuliza daktari alisema nini, akabaambia kweli." Akaendelea kusuka. "Mimi ndiye nilikupigia simu siku ile. Na mimi najiuliza."

Nilirudi Lodwar. Utakumbuka kwamba wiki ile nilikuwa mkali, nikakugombeza kwa sababu ya sufuria. Nilikuwa natafuta njia ya kumsaidia mwanamke yule bila kusema nilichofanya. Niliwaza kumtumia pesa. Niliwaza kumwambia mchungaji wao aseme kwamba ugonjwa ule hauna dawa. Mtu mzima, mwenye nywele nyeupe kichwani, nimekaa natunga uongo wa pili wa kuufunika wa kwanza.

Wiki iliyopita, ulipodhani nimeenda Kakuma kufunga kazi za utafiti, nilikuwa nimemwomba Mama Furaha awaite. Tulikaa chini ya mabati ya kanisa lao, mchana. Shemeji mkubwa anaitwa Bol, mzee mwenye fimbo. Walikuwepo wazee wawili, Mama Furaha, na Mama Achol mwenyewe amekaa mbali kidogo kwenye kibao. Alikuwa amekonda. Garang aliletwa akaachwa nje na watoto wengine.

Nilisema kwa Kiswahili, Mama Furaha akageuza. Nilisema kwamba majibu nilikuwa nayo kabla hawajavuka. Kwamba siku mama huyu alipouliza asafiri au asubiri, nilikuwa nimeshajua, na nikasema bado. Kwamba baadaye nilimdanganya, na kosa la kuchelewa si lake.

Bol aliilaza fimbo yake chini. Akasema, "Wewe ni daktari mkubwa. Kwa nini unakuja kusema hii sasa?"

"Kwa sababu mmemnyang'anya mtoto kwa neno langu."

"Na kama hatungechukua mtoto?"

Nikamwambia la kweli. "Nadhani nisingekuja."

Wazee wakanong'ona kwa lugha yao. Mama Achol ndiye aliyezungumza, na hakuwatazama wao.

"Ile siku nilikuja, Mama Furaha akapiga simu. Ulikuwa wapi?"

"Nairobi."

"Kufanya nini?"

"Nilikuwa nawaonyesha madaktari wenzangu picha za ugonjwa wake."

"Waliona?"

"Waliona."

"Kwa hivyo hao wote walijua kabla ya mimi."

Nimesomea miaka mingi, Akiru, nimekosolewa na watu wenye majina makubwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kitu kilichonieleza mimi vizuri kuliko hicho. Nilianza kwa sababu bibi yako alinyimwa jina la ugonjwa wa mwanawe, na mimi nikamnyima mwingine, nikawapa wageni.

Akauliza tena, "Angepona?"

"Wengi wa umri wake wanapona wakianza mapema. Yeye siwezi kuapa. Lakini angekuwa na nafasi kubwa kuliko ile tuliyompa."

Akasimama. Bol akamwita kwa jina, akasema kitu kirefu, na Mama Furaha akanigeuzia kwa sauti ya chini: mtoto atarudi kwa mama yake leo, na yeye Bol ndiye atakayempigia simu ndugu yake Juba, baba wa mtoto, kumweleza. Mama Achol alienda mlangoni akamwita Garang. Alipopita karibu nami alisimama.

"Umefanya vizuri kusema," aliniambia. "Lakini usikuje tena kwa nyumba yangu. Nikikuona, namwona."

Nikamwambia nimesikia. Alimshika mtoto mkono wakaenda, na mimi nilibaki pale mpaka Mama Furaha akaniletea maji.

Watu wakitubu kanisani husema mzigo umeondoka. Wangu haujaondoka. Ila zamani nilikuwa nimembebesha mtu mwingine, na sasa ninao mwenyewe. Tofauti hiyo naihisi nikiamka.

Niliporudi niliwaandikia wakubwa wa utafiti nikawaeleza yote, na nikaomba picha za Achol ziondolewe katika kazi zangu, kwa kuwa mama yake hakuulizwa kama zitaonyeshwa. Nimeitwa Nairobi mbele ya kamati. Huenda nikasimamishwa, na kwa maoni yangu itakuwa haki. Hadubini nimeshaikabidhi kwa kijana aliye chini yangu. Ana macho mazuri. Nimemwomba akiona kitu kibaya asubuhi, basi kufikia jioni awe amemwambia mtu.

Sikuandikii haya ili uache udaktari. Utakuwa na mikono mizuri kuliko yangu, kwa sababu wewe hukulelewa na hadubini. Umelelewa na bibi yako, ambaye mgeni akiingia hujua ana njaa kabla hajakaa. Wala sikuandikii ili unisamehe. Nimeona unavyosamehe upesi, na safari hii naomba usiharakishe.

Habari hizi zitafika chuoni kwenu, maana madaktari wa nchi hii wanajuana. Siku moja mtu atakugeukia darasani au kwenye wodi akuulize kama yule mwanamke wa Lodwar ni mama yako. Usinitetee kwa hadithi ya Nadapal. Mwambie ndiyo, ni mama yangu. Akikuuliza kama ni kweli alichofanya, mwambie ndiyo, ni kweli. Halafu rudi kwa mgonjwa wako.

Nasikia lango. Umerudi, na bibi amekubebesha kuku. Ngoja nije nikupokee.

Mama yako